Ajali za barabarani: Yasemwayo na yaliyo kweli kuhusu majeraha, kutoka Eliye Springs hadi Lodwar

Kutoka ufuo wa Eliye Springs, katika ukingo wa magharibi wa Ziwa Turkana, hadi mji wa Lodwar ni mwendo wa takriban kilomita 70. Kwa kipimo cha ramani hiyo ni safari fupi. Kwa mtu ambaye gari lake limepinduka mchangani baina ya ziwa na mji huo, ukijumlisha muda wa kungoja chombo cha kumbeba, ni safari inayoweza kumaliza saa kadhaa kabla hajaonana na daktari.

Lodwar ndiko iliko Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Turkana. Anayehitaji huduma za ubingwa wa juu zaidi hupewa rufaa hadi Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi mjini Eldoret, karibu kilomita 370 kusini. Upande wa kaskazini magharibi, Kakuma iko umbali wa karibu kilomita 120 kutoka Lodwar, na Lokichoggio ni takriban kilomita 100 zaidi, katika barabara kuu iendayo mpaka wa Sudan Kusini.

Ajali zenyewe si haba. Takwimu za Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama Barabarani (NTSA) zinaonyesha kwamba kila mwaka, kuanzia 2021 hadi 2024, zaidi ya watu 4,000 walikufa katika barabara za Kenya. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria katika ripoti yake ya mwaka 2023 kwamba ulimwenguni kote hufa watu milioni 1.19 kwa mwaka, na kwamba kwa kila anayekufa wako wengi zaidi wanaojeruhiwa.

Katika nchi yenye masafa kama ya Turkana, uamuzi wa kwanza haufanywi na daktari. Hufanywa na dereva, abiria, mvuvi au mchungaji aliyefika mahali pa ajali, naye huamua kwa yale anayoyajua. Baadhi ya hayo si kweli. Makala haya yanachambua dhana zilizoenea zaidi. Nyingi zina mzizi mmoja: imani kwamba ukubwa wa jeraha hupimwa kwa damu inayoonekana na kwa maumivu ya saa ya kwanza.

Dhana ya kwanza: “Hatoki damu, kwa hivyo hakuumia”

Mtu mzima ana takriban lita tano za damu mwilini. Ili imdhuru, si lazima damu hiyo imwagike chini. Yaweza kutoka katika mishipa na kukusanyika kifuani, tumboni, katika fupanyonga au ndani ya paja, na ngozi ikabaki bila mkwaruzo. Mfupa wa paja ukivunjika, mguu mmoja waweza kuficha lita nzima ya damu au zaidi. Fupanyonga likivunjika, kiasi chaweza kuwa kikubwa kuliko hicho. Wahenga walinena kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Hapa ki ndani ya ngozi yenyewe.

Linalopotosha ni kwamba mwili wa kijana hupigana kwa muda mrefu bila kuonyesha dalili kubwa. Hubana mishipa na kuongeza mapigo ya moyo, hivi kwamba shinikizo la damu laweza kubaki la kawaida hadi karibu asilimia 30 ya damu yote iwe imepotea. Kutoka hapo hali hugeuka ghafla. Ndiyo maana husikika watu wakisema, “Tulikuwa tukizungumza naye, mara akakata roho.”

Dalili za mapema ni mapigo ya haraka na dhaifu, wasiwasi usio na sababu, kiu kali, tumbo gumu linalouma likiguswa, maumivu ya ncha ya bega la kushoto (ambayo huweza kuashiria kupasuka kwa wengu), na ngozi iliyopauka yenye jasho baridi. Turkana, baadhi ya dalili hizi hujificha. Kila mtu ana kiu, na kila mtu hutokwa na jasho. Lakini ngozi baridi chini ya jua la nyuzi 35 si jambo la kawaida. Ukimgusa majeruhi paji la uso mchana wa Lodwar ukalikuta baridi na chepechepe, mhesabu kuwa anavuja damu ndani mpaka hospitali ithibitishe vinginevyo.

Wengu huweza pia kuchelewa kupasuka, hata siku kadhaa baada ya kishindo. Aliyeumia ubavu wa kushoto, akaruhusiwa kwenda nyumbani, kisha akahisi kizunguzungu au maumivu mapya ya tumbo, hana budi kurejea hospitali siku hiyo hiyo.

Dhana ya pili: “Anatembea na kuongea, basi ni mzima”

Hii ndiyo dhana hatari kuliko zote kwa aliyegonga kichwa. Mshipa ulio baina ya fuvu na utando wa ubongo ukichanika, damu hukusanyika kidogo kidogo. Majeruhi huweza kuzimia kwa dakika chache, akazinduka, akajipangusa vumbi na kusema hana neno. Kipindi hicho cha utulivu huweza kudumu dakika chache au saa nyingi. Damu ikizidi, ubongo hubanwa, na mtu hupoteza fahamu kwa mara ya pili.

Mfano uliojulikana duniani haukutokea barabarani, lakini jeraha ni lile lile. Mwezi Machi mwaka 2009, mwigizaji wa Uingereza Natasha Richardson alianguka akijifunza kuteleza kwenye theluji nchini Kanada. Alijiona mzima, na ambulensi ya kwanza ikarudi bila yeye. Baada ya saa chache alizidiwa, na siku mbili baada ya kuanguka alifariki dunia kwa kuvuja damu ndani ya fuvu.

Katika wazee na katika watu walevi sana, damu huweza kukusanyika polepole zaidi, kwa siku au hata majuma. Mzee aliyeangushwa na bodaboda, ambaye baada ya majuma mawili anaanza kusahau majina ya wanawe au kuburuta mguu mmoja, hajazeeka ghafla. Apelekwe hospitali.

Dhana ya tatu: “Hakuzimia, kwa hivyo ubongo haukutikisika”

Mtikiso wa ubongo hauhitaji mtu azimie. Wengi wanaoupata hawapotezi fahamu hata kidogo. Huuliza swali lile lile mara tatu, hawakumbuki walikokuwa wakienda, hutapika au huchukizwa na mwanga. Picha ya skani ya kichwa yenyewe huweza kuwa safi ilhali mtikiso upo, kwa kuwa kazi ya picha hiyo ni kutafuta damu na mivunjiko.

Sambamba na dhana hii kuna mazoea ya kusema “huyo amelewa tu”. Pombe na jeraha la ubongo hufanana sana: ulimi mzito, mwendo wa kuyumba, hasira na usingizi. Mtu aliyekunywa na kuhusika katika ajali huhesabiwa kuwa na jeraha la kichwa hadi achunguzwe. Kumwacha “alale pombe imtoke” ni kumwachia bahati nasibu maisha yake.

Kuhusu usingizi, wako wanaoamini kwamba aliyegonga kichwa asilale kabisa usiku kucha, hata wakampiga makofi ili akae macho. Usingizi wenyewe haumdhuru. Hatari ni kwamba hali yake yaweza kuharibika bila mtu kutambua. Aliyechunguzwa na daktari akaruhusiwa kwenda nyumbani anaweza kulala, mradi awepo mtu wa kumwangalia kwa saa 24 na kumwamsha kila alivyoagizwa. Asiyeamka kwa urahisi, anayetapika tena na tena, anayelalamika kuwa kichwa kinazidi kuuma, ambaye mboni ya jicho moja ni kubwa kuliko ya pili, ambaye upande mmoja wa mwili umelegea, anayetetemeka kama mwenye kifafa, au anayetokwa na majimaji meupe puani au masikioni, asingojewe kukuche.

Dhana ya nne: “Mchanga ni laini, hauumizi”

Wasafiri waendao Eliye Springs hupita eneo lenye mchanga, na wapo wanaolegeza mkanda wa usalama mara waachapo lami. Hoja yao ni kwamba mwendo si mkubwa na chini ni laini.

Gari linapokwenda upande katika mchanga mzito, magurudumu huzama na kukwama ilhali sehemu ya juu ingali ikisonga. Hapo ndipo linapopinduka. Gari lipindukapo, asiyefunga mkanda huweza kurushwa nje kupitia dirishani, na mara nyingine gari humlalia. Walio nyuma ya pikapu au juu ya mizigo ya lori hawana hata dirisha la kuwazuia.

Kuhusu mwendo, nguvu ya kishindo haiongezeki sawa kwa sawa na kasi. Kasi ikiongezeka maradufu, nguvu huongezeka mara nne. Gari la kilomita 80 kwa saa lina nguvu ya kishindo mara nne ya gari la kilomita 40. Na hata hiyo 40 inatosha kumrusha mtoto aliyepakatwa na mamaye kwa nguvu ambayo mikono ya mama haiwezi kuizuia.

Dhana ya tano: “Mkanda humnasa mtu ndani ya gari”

Husemwa kwamba gari likiungua au kutumbukia majini, aliyefunga mkanda hawezi kutoka. Ajali za moto na za maji ni sehemu ndogo tu ya ajali zote. Isitoshe, anayepata nafasi ya kujiokoa ni yule ambaye kishindo cha kwanza hakikumzimisha, na mkanda ndio unaomwezesha kubaki na fahamu. WHO inakadiria kwamba mkanda huweza kupunguza hatari ya kufa kwa walio ndani ya gari kwa hadi nusu.

Mkanda wa sehemu tatu ulibuniwa mwaka 1959 na mhandisi Nils Bohlin wa kampuni ya Volvo, Sweden. Nchini Kenya, kanuni zilizosukumwa na aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi, John Michuki, zilizotangazwa mwaka 2003 na kuanza kutekelezwa Februari 2004, ziliwalazimu wenye matatu kuweka mikanda katika kila kiti pamoja na vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa. Abiria wa nyuma asidhani kwamba yeye yu salama bila mkanda. Gari likisimama ghafla yeye huendelea mbele na kumponda aliye kiti cha mbele.

Mjamzito naye hufunga mkanda: sehemu ya chini ipite chini ya tumbo, juu ya nyonga, na ya juu ipite baina ya matiti. Kuuvua “ili mtoto asibanwe” humweka hatarini mama na mtoto pia.

Dhana ya sita: “Safari fupi ya bodaboda haihitaji helmeti”

Mwaka 1935 mwanajeshi na mwandishi wa Uingereza T. E. Lawrence alianguka na pikipiki karibu na nyumbani kwake na kufa baada ya siku chache. Miongoni mwa madaktari walioitwa kumtibu alikuwamo Hugh Cairns, bingwa wa upasuaji wa ubongo. Kifo hicho kilimsukuma kuchunguza majeraha ya waendesha pikipiki, na mwaka 1941 akachapisha utafiti ulioonyesha faida ya helmeti. Tafiti zilizofuata ziliunga mkono hoja yake. Uchambuzi mmoja mkubwa uliochapishwa mwaka 2008 ulikadiria kwamba helmeti hupunguza vifo kwa takriban asilimia 42 na majeraha ya kichwa kwa asilimia 69.

Ufupi wa safari ndani ya Lodwar au Kakuma haumkingi mtu. Lami haijali kama umetoka mbali au karibu. Helmeti iliyovaliwa bila kufungwa kidevuni huruka kabla ya kichwa kugusa chini, na iliyopata kishindo kikubwa haifai kutumika tena hata kama haina ufa unaoonekana.

Dhana ya saba: “Mtoeni upesi, kwa njia yoyote”

Wasamaria wema wengi humvuta majeruhi kwa mikono na miguu, wakamkunja kwenye kiti cha nyuma cha gari dogo. Ikiwa mfupa wa shingo au wa mgongo umevunjika, mkunjo mmoja unaweza kuudhuru uti wa mgongo na kumfanya mtu kupooza maisha yake yote. Kuweza kusogeza miguu hakumaanishi kwamba mifupa ya shingo iko salama.

Kama hakuna moto, maji yanayopanda wala hatari ya kugongwa na gari jingine, mwacheni alipo hadi watu wa kutosha wapatikane. Mmoja ashike kichwa kwa mikono miwili, kikae sambamba na mwili, na wengine wambiringishe kwa pamoja, kama gogo moja, juu ya ubao au mlango. Kichwa kisiinuliwe kwa mto, nguo iliyoviringishwa wala ekicholong, kile kigoda ambacho Waturkana hulalia kichwa. Kuinua kichwa cha aliyezimia hukunja shingo na kuziba njia ya hewa.

Jambo moja hutangulia shingo, nalo ni pumzi. Aliyezimia na anayetapika au kukoroma kwa damu kooni huviringishwa ubavuni, kichwa na mwili vikienda pamoja, ili asisongwe. Ardhi ya jangwa pia huunguza. Asiyehisi kitu hawezi kusema kwamba mchanga unamchoma mgongo. Mtandikieni kitu, mumkingie jua.

Dhana ya nane: “Mpeni maji, ana kiu” na “Joto hili halihitaji shuka”

Huruma ya kwanza katika nchi ya jua ni maji. Lakini mwenye jeraha kubwa au aliyepungukiwa na fahamu akipewa cha kunywa, huweza kutapika na matapishi yakaingia mapafuni, hasa akihitaji dawa ya usingizi kwa upasuaji. Kiu ya anayevuja damu haikatwi na maji ya kunywa; tiba yake ni kuzuia damu na kupata matibabu hospitalini. Mloanisheni midomo kwa kitambaa. Mwenye jeraha dogo, aliye timamu, na ambaye safari yake ya kufikia matibabu ni ya saa nyingi, anaweza kupewa mafunda madogo.

Upande wa pili, anayepoteza damu hupoteza joto hata mahali penye joto, na mwili uliopoa hauwezi kugandisha damu vizuri. Usiku, nyuma ya pikapu iendayo mbio, upepo humpoza upesi. Vueni nguo zilizolowa, mfunikeni shuka kavu.

Dhana ya tisa: “Akisogeza vidole, mfupa haukuvunjika”

Vidole husogezwa na misuli na mishipa ambayo huweza kufanya kazi ilhali mfupa umevunjika. Kipimo hicho hakina maana. Mfupa unaouma ukibonyezwa, uliovimba au usioweza kubeba uzito huhitaji picha ya eksirei.

Kukandakanda mahali pa mvunjiko “ili damu itembee” husogeza ncha za mifupa na kukata mishipa. Kufunga vijiti kwa kukaza sana, kama wafanyavyo baadhi ya waunga mifupa, huzuia damu isifike chini, na mguu au mkono ambao ungepona huishia kukatwa. Banzi sahihi huzuia kiungo kisitikisike bila kukibana. Kila baada ya muda tazameni vidole: vikiwa baridi, vya buluu au vimekufa ganzi, legezeni upesi.

Dhana ya kumi: “Jeraha lizibwe kwa kitu chochote, kisha lishonwe haraka”

Udongo, majivu, majani ya chai, mafuta ya taa na dawa ya meno havizuii damu, huingiza uchafu. Damu huzuiwa kwa kitambaa safi na kwa kukandamiza moja kwa moja, kwa nguvu, bila kufunua kila dakika kuchungulia. Ikiwa damu inaruka kutoka mkononi au mguuni na haikomi kwa kukandamizwa, kifungo kipana na cha kukaza juu ya jeraha huokoa maisha, mradi saa ya kukifunga iandikwe na kisifunguliwe njiani. Chuma au kipande cha kioo kilichozama mwilini hakichomolewi nje ya hospitali, kwa kuwa huenda ndicho kinachoziba mshipa.

Jeraha lenye mchanga halishonwi kwa pupa. Madaktari wa vita wa Shirika la Kimataifa la Msalaba Mwekundu, ambalo kutoka mwaka 1987 hadi 2006 liliendesha hospitali ya Lopiding, Lokichoggio, kwa ajili ya majeruhi wa vita vya Sudan, hufuata kanuni ya kusafisha jeraha chafu, kuliacha wazi na kulishona baada ya siku nne au tano likiwa safi. Kuambiwa urudi kushonwa siku nyingine si kupuuzwa. Na jeraha dogo halikingi mtu na pepopunda: ulizia chanjo, hasa kama hukumbuki lini ulichanjwa mwisho.

Dhana ya kumi na moja: “Maumivu yanayoanza kesho ni ya uongo”

Shingo inayotupwa mbele na nyuma gari ligongwapo huweza kukaa bila maumivu hadi siku ya pili. Mshtuko wa ajali hutoa homoni zinazofifisha maumivu, na uvimbe wa misuli huchukua saa nyingi. Anayelalamika asubuhi ya pili si lazima awe anatafuta fidia. Ganzi mikononi, udhaifu wa miguu au kushindwa kuzuia mkojo ni dalili za dharura.

Mjamzito aliyepata kishindo, hata kidogo, achunguzwe siku hiyo ingawa hahisi lolote, maana kondo la nyuma huweza kubanduka bila damu kuonekana. Mtoto mchanga hawezi kusema panapouma. Kukataa kunyonya, kulia bila kukoma au kuwa mtulivu kupita kiasi ndiyo maelezo yake.

Dhana ya kumi na mbili: “Polisi na pesa kwanza, hospitali baadaye”

Ibara ya 43(2) ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Neno lililotumika ni “mtu”, si “raia”. Linamhusu mkimbizi wa Kakuma na dereva wa lori wa kigeni sawa na mwenyeji wa Eliye. Sheria ya Afya ya mwaka 2017, katika kifungu cha 7, inafafanua kwamba matibabu hayo ni pamoja na huduma kabla ya hospitali, kuimarisha hali ya mgonjwa, na kupanga rufaa pale kituo kisipokuwa na uwezo. Kituo chenye uwezo kinachokataa hutenda kosa.

Hakuna haja ya kupitia kituo cha polisi kwanza. Fomu ya P3 hujazwa baada ya matibabu. Lakini ajali yenye majeruhi lazima iripotiwe: Sheria ya Trafiki humtaka dereva asimame, na apige ripoti mapema iwezekanavyo, kabla ya saa 24 kupita.

Kwa upande wa fidia, muda wa kawaida wa kufungua kesi ya majeraha ni miaka mitatu, na kwa kesi dhidi ya Serikali ni miezi 12. Bima ya lazima ya gari hailazimiki kumfidia kila abiria. Aliyepewa lifti katika gari la kibinafsi lisilobeba abiria kwa malipo huenda asiwe ndani ya kinga hiyo. Anayekubali shilingi chache kando ya barabara na kutia saini kwamba “yamekwisha”, kabla hata ya kuchunguzwa, huuza jeraha asilolijua bado. Kwa mahakama na kwa tabibu pia, rekodi ya siku ya ajali ina uzito kuliko maelezo ya mwezi wa pili.

Kabla ya kuondoka kando ya ziwa

Wataalamu wa huduma ya kwanza hupendekeza maandalizi machache kwa safari za masafa marefu. Katika njia ya Eliye Springs maandalizi hayo yana uzito wa pekee:

- Kila abiria awe na kiti na mkanda wake. Asipande mtu juu ya mizigo.
- Gari lisheheni maji, shuka mbili, vitambaa safi, bendeji pana, tochi na ubao unaoweza kuwa machela.
- Mtu wa Lodwar au Kalokol ajulishwe saa ya kuondoka na saa mnayotarajia kufika.
- Nambari za dharura 999 na 112, na ile ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, 1199, ziwe zimehifadhiwa katika simu zaidi ya moja. Mawasiliano hukatika njiani, kwa hivyo pigeni kila mpatapo mtandao.
- Ajali ikitokea, andikeni saa ya ajali, saa majeruhi alipozimia na alipozinduka, na mapigo yake kila robo saa. Karatasi hiyo aipokee daktari.
- Hospitali ipigiwe simu kabla hamjafika, ili damu na daktari wa upasuaji viandaliwe.
- Msigawe dawa za maumivu za aina ya aspirini kwa aliyegonga kichwa au anayevuja damu. Huzidisha utokaji wa damu.

Baina ya mitende ya Eliye na lango la hospitali ya Lodwar, hakuna kipimo kinachoweza kuona ndani ya fuvu au tumbo la mtu. Kwa hiyo kanuni ya msafiri ni nyepesi: aliyepinduka na gari, aliyerushwa nje, aliyegonga kichwa, au ambaye mwenzake katika gari lile lile amekufa, apelekwe hospitali hata akisema hana neno. Ikibainika kwamba kweli hakuumia, atakuwa amepoteza siku moja tu.